Nilisema Upepo Nimeurudisha

Jina langu naomba libaki kwangu, maana Mpanda ni mji mdogo na tunajuana. Ila kosa ni langu. Mimi ndiye chanzo cha mama yangu kuvunjika nyonga, na mdogo wangu wa damu ndiye aliyetukanwa kwa ajili hiyo. Nitamwita Deus.

Marehemu baba alituachia pikapu, ile inayovuta kwa matairi yote manne. Tuliitumia kila siku. Asubuhi mmoja wetu anapanda nayo Mwese kufuata maharage, mchana inazunguka mjini, kesho yake inaweza kuwa kwenye lami kuelekea Kibaoni. Gari moja, barabara za kila aina.

Anayejua njia ya Mwese wakati wa masika ananielewa. Ule mlima ukilowa, gari linateleza kama limepakwa sabuni. Dawa yake ni kupunguza upepo kwenye matairi. Tairi linalegea, linatanuka, linashika udongo, unapanda. Hapo sikuwa na kosa, kila dereva wa huko anafanya hivyo.

Kosa ni kwamba ukishatoka kwenye tope unatakiwa ujaze tena. Tairi legevu ukilipeleka kwenye lami, ukakoleza mwendo na mzigo ukiwa nyuma, ubavu wake unajikunja na kufunguka muda wote mpaka unapata moto. Mwisho linapasuka. Nilikuwa najua. Sikufundishwa na ajali, nilikuwa najua toka zamani.

Ila nilikuwa mvivu. Kipimo changu kilikuwa mguu: nalipiga tairi teke, likirudisha mguu nasema linatosha. Deus alikuwa anapima kwa geji kila asubuhi kabla gari halijatembea, na mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia siku moja mbele ya mke wake, "Wewe unalipima gari kama mtoto wa kliniki." Alicheka tu, akaendelea kupima.

Jumamosi hiyo nilipanda Mwese mimi. Mvua ilinipiga njia nzima, nikatoa upepo mwingi kuliko siku zote ndiyo nikapita. Niliporudi mjini, pale Misunkumilo, nilikuta kwa fundi wa matairi kuna foleni. Nilikuwa na njaa, nimelowa, na mechi ilikuwa inakaribia kuanza. Nikapitiliza nyumbani.

Deus alikuwa uani anapanga magunia ya mchele. Kesho yake alikuwa ampeleke mama Usevya, kuna mjukuu wa dada yake mama anapata komunyo ya kwanza, na mchele ulikuwa wa sherehe. Akaniuliza, "Kaka, upepo umerudisha?"

Nikamjibu, "Nimesharudisha."

Hata sikumwangalia. Nilikuwa navua viatu.

Akasema, "Basi sawa, maana nataka tuondoke mapema." Geji ilikuwa inakaa garini, ila siku hiyo niliitia kwenye koti langu isilowe, na koti nililipeleka chumbani. Asubuhi hakuja kuniamsha aiombe. Kwa nini angeiomba? Kaka yake alikuwa ameshamwambia. Na matairi ya nyuma yalipoonekana yamebonyea, alidhani ni uzito wa magunia.

Walipita Sitalike salama. Katikati ya hifadhi ya wanyama, kabla ya Kibaoni, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Gari likayumba, likatoka barabarani, likalala ubavu. Deus alitoka na michubuko. Mama ilibidi watu wa basi lililokuwa linapita wamtoe, na alikuwa analia kwa Kipimbwe, lugha ambayo alikuwa haitumii tena mjini.

Nilipofika hospitali, baba mdogo alikuwa ameshafika na anafoka. "Huyu kijana alikuwa anakimbia. Lami imewalevya hawa." Deus alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, shati limechanika. Aliponiona alisimama.

"Kaka," aliniuliza taratibu, "ule upepo ulirudisha kweli?"

Watu wote wakanigeukia. Ndugu zangu, hapo ndipo ningeweza kuokoa kitu. Neno moja tu lilitakiwa.

Nikasema, "Nilirudisha. Wewe ulikuwa unakimbia."

Deus aliniangalia, halafu akakaa chini.

Mama alimtetea. Akiwa kitandani, mguu umefungwa uzito wa kuuvuta, alimwambia baba mdogo, "Deus hakuwa anakimbia. Tulikuwa tunaongea. Alikuwa ananionyesha viboko mtoni." Na mimi, mtoto wake wa kwanza, nikaingilia. Nikasema, "Mama, ulikuwa umesinzia. Wewe gari likitembea tu unasinzia." Watu wakacheka kidogo, kwa sababu ni kweli mama alikuwa na tabia hiyo.

Alibisha siku ile. Alibisha na kesho yake. Lakini kila aliposema, nilimjibu lile lile kwa sauti ya upole, huku namrekebishia mto. Baada ya muda nilimsikia anamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili, "Labda kweli nilisinzia. Uzee huu."

Ukoo ulikaa. Baba mdogo akaamua Deus asiguse tena gari la marehemu, na gharama za matibabu awe anazilipa yeye. Deus hakujitetea. Alimchukua mke wake wakahamia Usevya kulima mpunga. Baada ya mavuno alileta alichopata. Mama alikuwa anampokea vizuri, ila nilishamwona anamtazama kwa namna ambayo hakuwa anamtazama zamani, kama mtu anayetafuta kukumbuka kitu.

Mama hakutembea tena. Kulala kukaleta vidonda, vidonda vikaleta homa, na masika yaliyofuata tukamzika. Siku ya mazishi Deus alisogea abebe jeneza, baba mdogo akamrudisha kwa mkono. "Wewe kaa pembeni." Nilikuwa nimeshika upande wa mbele. Nilisikia. Nikaendelea kutembea.

Baada ya hapo nilishindwa kulishika lile gari. Nikikaa kwenye usukani nasikia swali lake. Mwisho nilipanda basi nikaenda Usevya. Nilimkuta jarubani kwenye mpunga wake, maji yako kwenye magoti. Nikamwambia nikiwa nimesimama kwenye tuta: sikuurudisha upepo. Nilidanganya nyumbani na nikadanganya hospitali.

Hakushtuka. Akasema, "Nilijua. Nililiona tairi baada ya ajali, ubavu wote umesagika kwa ndani. Ndiyo maana nilikuuliza."

"Sasa kwa nini hukusema mbele ya watu?"

"Nilitaka useme wewe."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza. "Mimi unaweza kuniomba, bado nipo. Mama ulimfanya asiyaamini macho yake mwenyewe. Alikufa akidhani nilimvunja. Huyo utamwomba wapi?"

Alinituma nikawaambie wazee ukweli, na nisirudi kwake mpaka aniite. Wazee niliwaambia. Baba mdogo akasema, "Yameshapita, tusiyachimbue." Hakwenda kumwomba radhi Deus. Na Deus hajaniita. Mke wangu ananipakulia chakula, lakini maongezi ndani ya nyumba yamekwisha.

Nyie mnaoendesha magari haya ya porini kila siku, sikilizeni. Kiwango cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni pa dereva. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa geji, siyo kwa teke. Ukipunguza kwa ajili ya tope, jaza kabla ya kugusa lami, na ukipakia mzigo angalia ya nyuma zaidi. Foleni kwa fundi isikushinde.

Na kama hukujaza, sema hukujaza. Mdogo wangu angechukia kidogo, angeenda kwa fundi, wangechelewa misa. Basi. Mama angefika Usevya amechelewa misa.