Njoo Peke Yako

Waliotengeneza filamu wanajulikana, na waliocheza ndani yake ndio usiseme. Lakini nani anamjua mtu anayehangaika ili viti visikae vitupu? Huyu tunayemsema hapa aliitwa Bwana Viti, na wengi waliomwita hivyo hawakujua jina lake jingine. Kwa miaka ishirini na mbili alizipigia debe filamu za watu wasio na kampuni nyuma yao, wale wanaouza pikipiki wapate kamera, na wanaowachezesha shangazi zao kwa sababu shangazi hadai malipo. Filamu ikishakwisha walipanda ngazi za chuma hadi chumbani kwake, juu ya duka la rangi, macho yamewaiva kwa kukosa usingizi, wakiwa na swali moja tu: watazamaji wako wapi?

Walikuwa ndani ya daftari. Meza yake ilikuwa na simu mbili na daftari nene lililoshonwa upya mgongoni, na humo aliandika watu elfu moja mia nne na kitu, kila mmoja na namba yake na maneno machache ya kumkumbusha. Huyu anapenda kuchekeshwa. Huyu alilia kwenye ile ya wauguzi. Huyu usimwambie ina muziki.

Na alikuwa na sharti lake. Hakushika filamu ya mtu kabla mtu huyo hajamjibu. "Nitajie watu watatu," alikuwa akisema. "Usiniambie vijana, usiniambie akina mama. Watu watatu wenye pua na masikio, ambao wakiiona watasema hii ni yangu." Ukimtajia fundi cherehani, basi kesho yake yumo vibarazani mwa mafundi, anauliza habari za vitambaa. Filamu ya mafundi cherehani ilijaza ukumbi siku nne mfululizo, na mafundi wenyewe walibishana juu ya kola hadi waigizaji hawasikiki. Alipenda kuisimulia hiyo.

Kila tangazo alilobandika lilikuwa na mstari uleule chini kabisa: Njoo na wako. Alijivunia mstari huo jinsi wengine wanavyojivunia masharubu. Ukimpata mmoja umewapata wawili, ndivyo alivyosema, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyembishia.

Sasa nikwambie jambo ambalo yeye hakumwambia mtu. Bwana Viti hakuwa na wa kwenda naye popote. Mkewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na hawakujaliwa mtoto. Chakula alikula amesimama, sufuria mkononi, dirishani mwa chumba kile kilichokuwa ofisi yake na nyumba yake, dirisha lenyewe bovu, halifungi mpaka ulikunjie gazeti. Akikaa mezani anaiona meza ilivyo kubwa. Hata ukumbini hakuwahi kukaa. Alisimama mlangoni na kile kidude cha kubonyeza, akihesabu vichwa, na taa zikizimwa anatoka nje.

Jumapili moja upweke ulimshika vibaya. Saa tisa alasiri, jua limeganda, barabara kimya, redio ya jirani imezimwa. Akachukua simu akampigia dada yake mkubwa, aliyezaliwa naye tumbo moja.

"Mdogo wangu," dada alisema, hata salamu hakungoja. "Filamu gani leo? Sema haraka, niko jikoni."

Alitaka kusema hakuna filamu. Maneno yalifika hadi kooni, aibu ikayarudisha. Akamtajia moja, ya mwezi ujao, ya waendesha malori.

"Haya. Nitajitahidi," dada alisema, akakata.

Bwana Viti alibaki ameishika simu. Kwa kazi yake alijua vizuri kwamba nitajitahidi maana yake siji. Lakini hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba dada hakukosea. Alilifungua daftari akalipekua, ukurasa baada ya ukurasa, na hakuona mtu hata mmoja ambaye yeye aliwahi kumpigia bila kuwa na filamu ya kumuuzia. Watu wake wote alishawageuza watazamaji. Dada mwenyewe alikuwamo, ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa Bwana Viti mwenyewe: huja akiambiwa mapema. Alilifunga akaliweka mbali, akakaa hadi giza likaingia bila kuwasha taa. Alijionea huruma, na alijichukia kwa kujionea huruma.

Wiki tatu zikapita, ndipo akaja mwongozaji mmoja wa filamu. Huyu hakuwa mgeni. Alikuwa jirani yake wa chumba cha pili, mlango kwa mlango, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa akikata na kuunga video za harusi ili apate nauli na kodi, na kila akiba ya muda ilikwenda kwenye filamu yake. Miaka minne alikuwa nayo. Ilikuwa habari za fundi saa anayeishi peke yake, ambaye kila mteja humwambia njoo kesho, kumbe saa ilishapona zamani, ila anataka mtu yule arudi.

"Mzee wangu," mwongozaji alisema, "mwenye ukumbi amenipa onyesho moja. Viti ni tisini. Nusu ikijaa, ananiachia wiki nzima. Isipojaa anaitoa siku ileile, na mimi narudi kwenye harusi nikae hukohuko. Nguvu ya kuanza tena sina."

"Watu watatu," Bwana Viti alisema.

"Ninaye mmoja."

"Nani?"

"Wengine wawili utanitafutia wewe," alisema, akawa anaangalia lile gazeti la dirishani.

Aliitazama filamu ile na penseli mkononi, na ilipokwisha karatasi ilikuwa tupu. Amwendee nani? Mafundi saa mji mzima walikuwa wamebaki watatu, mmoja haoni vizuri, na wawili waliobaki hawasalimiani. Akaanza na daftari. Alipiga simu mia mbili na kumi kwa siku nne. Waliuliza kama inachekesha, akasema kidogo. Waliuliza inahusu nini, akasema mtu mpweke, na hapo sauti zikapoa. Nitajitahidi, walisema, mmoja baada ya mwingine. Filamu ya manesi una chama cha manesi, ya waimbaji una kwaya. Chama cha wapweke utakipata wapi? Kingekuwepo, wenyewe wasingekuwa wapweke.

Siku kumi kabla ya onyesho alipita dukani jioni. Mama wa duka alimwona tangu mlangoni, na kabla hajafungua mdomo alikuwa ameshamkatia mkate wake, nusu, kama kila siku. Bwana Viti akaona rafuni nusu nyingine zimepangwa, kila moja na karatasi yake.

"Hizo za nani?"

"Za wenzako."

"Wenzangu gani?"

"Kina nusu mkate," alisema mama wa duka, bila ubaya. "Yule mstaafu wa posta. Mwalimu wa hesabu. Yule mama wa ghorofa ya pili anayejidai anawanunulia ndege. Mko kumi na saba. Hamjuani?"

"Hatujuani."

"Haya mambo. Mimi miaka yote nadhani mnajuana."

Alisimama pale na nusu yake mkononi hadi aliyekuwa nyuma yake akakohoa. Kumi na saba, duka moja, mtaa mmoja. Moyo ulimwenda mbio kama ambavyo haukuwa umekwenda tangu siku za mafundi cherehani, na papo hapo ukamuuma pia, maana yeye alihesabiwa humo.

Asubuhi alikuwa kwa mchapaji, mtu aliyefanya naye kazi na kugombana naye miaka yote. Mchapaji aliisoma karatasi mara mbili.

"Umesahau mstari wako."

"Sijausahau. Andika: Njoo peke yako."

"Wewe umechoka. Nani anakwenda kutazama filamu peke yake? Na hii saa, Jumapili saa tisa alasiri? Watu wako na familia zao saa hiyo."

"Ndiyo maana," Bwana Viti alisema.

Mchapaji alimtazama, kisha akawasha mashine. Hakumtania tena siku ile.

Vikaratasi vilikuwa vya ukubwa wa kiganja. Mama wa duka alivifungia ndani ya nusu mikate. Dobi alivitia kwenye mafurushi yenye shati mojamoja. Kinyozi aliwapa wale wanaokuja kila wiki kukata nywele ambazo hazijaota. Vingine viliachwa kwenye benchi la duka la dawa, pale wanapongoja wasio na wa kuwangojea. Na daftari lilikaa limefungwa. Shida ilikuwa moja: watu wa namna hii hawaahidi. Hakuna aliyesema nitakuja, hakuna hata aliyesema nitajitahidi.

"Wangapi?" mwongozaji alimuuliza Ijumaa, kwenye korido.

"Sijui," alisema. Hakuwahi kulijibu hivyo swali hilo, na alimwona binti wa watu anavyoingia chumbani kwake na kufunga mlango taratibu.

Jumapili, saa nane na nusu, ukumbi mtupu. Mwongozaji alikuwa uani anakichanachana kikaratasi. Saa nane na dakika arobaini akaja mzee wa posta, suti imepigwa pasi, akachagua kiti cha pembeni kabisa. Akaja mwalimu, akaenda pembe nyingine. Kisha wakawa wanaingia, mmoja, mmoja, mmoja. Kidude kikalia mkononi mwa Bwana Viti: kumi, ishirini, thelathini na tano. Hakuna wawili walioongozana, na hakuna aliyekaa karibu na mwingine. Kiti cha mtu, kiti cha mfuko. Kiti cha mtu, kiti cha mwavuli.

Arobaini na moja. Hapo ndipo alipouona ujinga wake. Ukumbi ulikuwa umejaa kwa hesabu za wapweke. Kila kiti kilichobaki kilikuwa ubavuni mwa mtu, na mlangoni walikuwa wamesimama wengine kama kumi, wanachungulia, wanaona hakuna pa kukaa bila kumgusa mtu bega. Mwanamke mmoja aliyevaa kilemba cha bluu aligeuka kuondoka. Mwanamume mmoja akamfuata. Walikuwa wanakwenda zao, na filamu ya miaka minne inakwenda nao, kwa upungufu wa watu wanne.

Angeweza kupiga kelele, jamani sogeeni. Aliwajua, wangetoka wote. Akapiga moyo konde, akakitia kidude mfukoni, akaingia ndani. Mstari wa sita alikuwa yule mama wa ghorofa ya pili, mkoba wake umekaa kitini.

"Mama," Bwana Viti alisema, "hapa pana mtu?"

Mama aliutazama mkoba kwa muda.

"Hapana," alisema, akaupakata.

Akakaa. Nyuma yake alimsikia mwanamke wa kilemba akimuuliza mtu: hapa pana mtu? Kisha mwingine, upande wa kushoto. Kisha mwingine. Ukumbi mzima ulikuwa unaulizana kwa sauti za chini, na mikoba na miavuli inashuka sakafuni. Taa zikazimwa akiwa ndani.

Fundi saa alipomwambia mteja wa kwanza njoo kesho, mtu mmoja gizani alicheka. Mara ya pili wakacheka kumi. Mara ya tatu ukumbi wote, na Bwana Viti naye, yeye aliyeitazama na penseli asione pa kuchekea. Kisha ikaja sehemu ambayo fundi anakula. Amesimama dirishani, sufuria mkononi, na dirisha limekunjiwa gazeti lisipigwe na upepo.

"Kama mimi," alinong'ona mama wa ghorofa ya pili.

"Na mimi," Bwana Viti alisema. Lile gazeti alilijua, ingawa mara ya kwanza, akitafuta wa kuwauzia, hakuliona. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, kwa kuwa mama naye hakuwa akiyafuta yake.

Taa zilipowaka mwenye ukumbi alikuwa ameshahesabu mwenyewe, mara mbili. Hamsini na mbili. "Wiki nzima," alimwambia mwongozaji. "Lakini mbona hawaondoki?" Kweli, walikuwa barazani, wamesimama wawili wawili, wanaongea kama watu waliosahau namna ya kuongea, wanasitasita. Mzee wa posta alikuwa akimwonyesha mwalimu saa yake.

Bwana Viti alimpata mwongozaji penye ngazi, uso umelowa. "Yule mmoja wako," alimuuliza, "alikuja?"

"Alikuja, mzee wangu. Alichelewa kukaa tu."

Bwana Viti alimshika bega, akatoka, akatembea hadi ofisini. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, bado mwanga upo. Alichukua simu, na namba hakuitafuta daftarini.

"Mdogo wangu," dada alisema. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye sinki. "Filamu gani leo?"

"Hakuna filamu, dada."

Sahani ikagonga sinki.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umefukuzwa kwenye chumba?"

"Hapana. Nimekupigia tu."

Bomba likafungwa. Akadhani amekata simu.

"Ngoja basi," dada alisema. "Ngoja nivute kiti nikae."