Mama Rimu, Mkamwana na Rimu Nne za Harusi

Saa moja asubuhi, uwanja wa nyuma wa nyumba hii umeshanyunyiziwa maji ili vumbi lilale. Rimu nne za gari zinaning'inia kwa waya kwenye bomba la chuma ambalo siku nyingine huanikiwa nguo. Mwanamke wa makamo, kitambaa kimemfunika pua na mdomo, anazizunguka rimu mbili za kushoto akizipulizia vanishi ya mwisho. Anapuliza, anarudi nyuma, anainamisha kichwa. Kisha macho yanamponyoka na kwenda kwenye rimu mbili za kulia.

Hizo si zake. Ni za mkamwana wake, ambaye amezimaliza muda mfupi uliopita, na Mama Rimu ameshindwa kabisa kutozichungulia.

Mtaani hawamwiti kwa jina jingine. Rimu zilizokwaruzwa na kingo za barabara na kubabuka rangi humfikia zikiwa hazitamaniki, na hutoka kwake zikiwa mpya. Gereji hana. Ana uwanja huu, beseni la kuoshea, na kompresa kuukuu inayokoroma kando ya mlango wa jiko. Kompresa aliachiwa na marehemu mumewe, fundi rangi, aliyemwachia pia mtoto wao mmoja wa kiume amlee.

"Kazi yenyewe ni msasa," anasema. "Msasa mkali, msasa laini, halafu msasa wa maji. Anayekimbilia rangi, rangi itamkimbia."

Msasa huo umemla vidole. Dole gumba lake la kulia limekuwa laini kama mgongo wa kijiko, halina mstari hata mmoja. Siku alipokwenda kuchukuliwa alama za vidole, mashine ilimkataa, akarudi nyumbani akicheka peke yake njiani.

Mwanawe alipooa, bibi harusi alianza kwa kumsaidia kuosha rimu, kisha kusugua. Wakati fulani Mama Rimu aliugua homa, na mkamwana akamalizia kazi ya watu mwenyewe. Mteja alipokuja alizitazama rimu zake, akauliza kwa furaha kabisa: "Leo umetumia vanishi gani, Mama Rimu?" Vanishi ilikuwa ile ile.

Tangu hapo wateja wanachungulia getini wakimuulizia "yule binti."

"Nilimfundisha mimi," anasema Mama Rimu, sauti ikipanda. "Kushika kipulizio, mimi. Hata kufunga kitambaa puani, mimi. Sasa watu wananipita kama mlingoti wa umeme. Nina wivu, ndugu mwandishi. Andika hivyo hivyo. Nina wivu wa kugawia mtaa mzima ukabaki."

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawakusema lolote kuhusu majike, na ndiyo maana hawa wawili wameachwa wajitafutie njia wenyewe. Mkamwana akiimba anaposugua, Mama Rimu anasikia anaringiwa. Akinyamaza, anasikia anadharauliwa.

Mkamwana naye ana lake moyoni, ila husema polepole. Anaeleza kwamba mumewe akiona rimu inang'aa husema, "Mama kafanya kazi," hata kama Mama siku hiyo alikuwa sokoni. "Na nikipitisha kidole kwenye rimu zangu nasikia vibonde," anasema. "Kwenye za Mama sisikii kitu. Nimejaribu mpaka nimechoka."

Leo mambo yamefika shingoni. Mzee mmoja mwenye magari ya kukodisha kwa maharusi, ambaye kila mtu humwita Bwana Harusi ingawa ana wajukuu, ameleta rimu nne na kumpa kila mmoja mbili. Atakayempendeza ndiye atakayetengeneza rimu za magari yake yote kuanzia sasa. Na jana, wakati wa chakula, mwanawe Mama Rimu alisema neno alilodhani ni la upendo: mkewe akishinda, Mama apumzike, alee wajukuu. Mama Rimu alisukuma sahani mbele. Kwake yeye huko kulikuwa kuachishwa kazi, tena na mtoto aliyemsomesha kwa msasa.

Kabla ya adhuhuri mkamwana anaingia ndani kumnyonyesha mtoto. Mama Rimu anainuka kwenye kigoda. Anasema anakwenda tu kuangalia kama vanishi ya mkamwana imekauka.

Kila fundi anajua kwamba vanishi hujaribiwa nyuma ya rimu, mahali pasipoonekana. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine hivyo. Lakini upande wa mbele unang'aa kiasi kwamba anajiona uso, na huenda uso huo ndio uliomkera. Analiweka dole gumba pale pale na kukandamiza.

Vanishi haijakauka. Alama inabaki, ya mviringo, laini, haina mstari hata mmoja.

"Hukuona kitu," anamwambia mwandishi.

Mkamwana anarudi, anasimama mbele ya rimu. Anaitazama alama, kisha anaitazama mikono ya mama mkwe wake, inayokunja mpira wa kompresa uliokuwa umeshakunjwa. Kurekebisha kunataka vanishi ikauke kwanza, isuguliwe, ipulizwe upya, na Bwana Harusi yuko njiani.

Anafika alasiri, anazunguka rimu zote, anasimama penye alama na kuuliza ni nani aliyegusa.

"Ni mimi, mzee," anasema mkamwana. "Sikuwa na subira."

Mzee anasikitika. Anasema hii ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote nne, lakini asiye na subira hawezi kukabidhiwa magari ya maharusi. Anamgeukia Mama Rimu, anampa mkono, kazi ni yake. Kisha anaelekea kwenye gari.

Mama Rimu ameshinda, na uso wake ni wa mtu aliyeibiwa.

"Umemwona?" anamnong'oneza mwandishi. "Hata adabu kanizidi."

Anasema hilo limemchoma kuliko rimu zenyewe, na kwamba hawezi kuishi nyumba moja na deni la namna hiyo. Anamkimbilia mzee, anamwonyesha dole gumba dirishani, anamwambia arudi akalilinganishe na alama. Mzee anarudi, anainama, anatazama kidole na rimu, kisha anacheka mpaka anashika ukuta. Uamuzi wake mpya hauna huruma: vanishi apulize binti, mengine watajuana wenyewe.

Mama Rimu anaitikia kwa kichwa kama aliyeitegemea hukumu. Mkamwana ndiye anayekataa. Anamwambia mzee kwamba hapulizi kitu ambacho hakijasuguliwa na Mama.

"Huruma yako sitaki," anafoka Mama Rimu.

"Si huruma, Mama. Miaka yote unapofika msasa wa maji unanipa mgongo nisione. Nataka kuona unafanyaje."

Mama Rimu hakanushi.

Jioni wamekaa kila mmoja kwenye kigoda chake, beseni katikati, wakizungumzia namna ya kuiondoa ile alama kesho. Hawajapatana kiasi hicho; wameshabishana kuhusu povu la sabuni. Kwa mara ya kwanza, hata hivyo, Mama Rimu amekaa ametazama upande wa mkamwana.

Akiulizwa anatarajia nini mbele, haongelei magari wala gereji.

"Nataka anifundishe vanishi," anasema kwa sauti ya chini, mkamwana asisikie. "Kabla sijafa nipulize rimu moja tu, mteja aishike, aniulize, 'Hii ni ya mkweo?' Nimwambie hapana."