Nilibahatisha Diski, Nikafuta Baraka za Baba wa Bibi Harusi

Jamani, nimekosa. Kila simu ikiita moyo unanipasuka. Nikimwambia mtu hapa Kigali atamwambia mwingine, ndiyo maana nawaambia nyie msionijua.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye studio ya video za harusi, mtaa wa Kimisagara. Bosi wangu ni Dada Odette. Video zote tulikuwa tunaziweka kwenye diski moja ya terabaiti nne, kwenye mashine ya Linux. Moja tu! Mimi mwenyewe ndiye niliyepiga kelele tununue ya pili, tuwe na nakala. Akanunua, ya aina ileile, ukubwa uleule.

Sasa, diski mpya lazima uigawe ndipo itumike. Nimezoea fdisk, programu isiyo na haraka: unachezea utakavyo, ukitoka bila kuiamuru iandike, hakuna kilichoharibika. Lakini kwa ugawaji wa kizamani niliouzoea, diski ikizidi terabaiti mbili, sehemu inayozidi huipati. Ikabidi nitumie parted, ambayo sikuwahi kuigusa.

Nikasema ngoja nijaribu kwanza, nitatoka bila kuhifadhi. Hata sikuangalia nimechagua diski ipi. Ya nini, si najaribu tu? Ikaniuliza: data yote itapotea, uendelee? Nikajibu ndiyo, huku natafuna sambusa.

Kumbe parted haingoji! Ukiiambia tu, imeshaandika. Nilipotazama, diski zote mbili zinaonekana tupu: ile mpya, na ile ya video niliyoichagua bila kuangalia. Mama yangu!

Hapo, wapendwa, kila kitu kilikuwa bado kinaokoleka. Nilikuwa nimefuta tu mipaka ya vigawanyo vya diski, video zenyewe zilikuwa mlemle ndani. Ningesema tu, "Dada, nimekosea, tusiguse kitu," leo nisingekuwa naandika haya.

Mara Dada Odette huyo, na kadi za kamera za harusi ya Masaka.

"Iko tayari?"

"Yego, Dada, iko tayari."

"Sasa mbona uko na jasho hivyo, sha?"

"Joto tu."

Asubuhi ya mvua, eti joto! Akasimama nyuma yangu, anangoja. Diski mbili pacha, zote tupu, mpya ni ipi sijui. Namba zao za kiwandani zipo, ningeweza kuzilinganisha, lakini angeniuliza natafuta nini. Niliogopa. Nikabahatisha, nikafomati moja, nikamimina harusi ya Masaka humo.

Ilikuwa ile ya zamani.

Alipotoka nikaanza kuokoa. Video nyingine zilirudi nzima, namshukuru Mungu. Lakini harusi ya Solange, mteja wetu, imeliwa katikati. Baba yake alifariki muda mfupi baada ya sherehe, na baraka alizompa binti yake siku ile ndiyo sauti pekee waliyobaki nayo. Solange anataka isikike kwenye misa ya kumkumbuka mzee. Amepiga simu, nikamjibu, "Bado tunahariri kidogo." Akasema Mungu anibariki. Ole wangu!

Dada Odette hajui lolote. Jana alinisifu mbele ya wateja kwamba kwangu hakipotei kitu. Nilicheka nao.

Wenzangu mnaogawa diski kubwa, nawasihi: chomoa kwanza ile yenye vitu vya watu, iweke mbali, ndipo uandike hata herufi moja. Usijaribu programu usiyoijua kwa mazoea ya ile unayoijua. Na ukikosea, toa mikono kwenye kibodi upige yowe. Utatukanwa, sawa, lakini utalala.

Mimi silali. Leo nimeifungua tena ile video. Mzee anainuka, anaweka sawa shuka lake begani, anapokea kipaza sauti, anamtazama mwanawe, anafungua mdomo. Hapo picha inaganda.

Solange anakuja kesho asubuhi kuichukua. Anakuja na mama yake.