Vioo Chini Mpaka Mjini

Gari langu lina umri sawa na mdogo wetu wa mwisho, na nalipenda karibu kama yeye. Ni dogo, la chini, kiyoyozi chake kilikufa zamani, na vioo nashusha kwa kuzungusha mkono. Kwa hiyo kaka yangu alipotoka Dar na gari jipya la juu, viti vya ngozi nyeupe, linawaka kwa kitufe na kuongea lenyewe, nilinuna. Naye akalizunguka la kwangu, akaligonga bati kwa kidole.

"Hivi wewe, hili bado unaliita gari?"

Kesho yake washenga walikuwa wanakuja kumposa huyo mdogo wetu. Kwetu Waluguru mazungumzo hayo hayafunguliwi mpaka mjomba akae mkekani, na mjomba wetu anaishi Matombo. Kaka akajitolea kumfuata, tuone gari linavyopanda mlima. Jioni akarudi peke yake.

Kumbe mjomba alikuwa ameshuka kumsubiri kando ya barabara, kanzu safi, fimbo mkononi. Kaka, vioo vyeusi amevifunga, kiyoyozi kinavuma, macho kwenye skrini, akampita na kumwachia vumbi. Alipogundua na kugeuza, mzee alishaingia ndani.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Amesema haendi kuoza mtoto kwa watu wanaompita bila shikamoo."

Mdogo wetu akaingia chumbani bila kula. Washenga walishatoka Mwanza, wako njiani, na hakukuwa na namna ya kuahirisha. Nilimhurumia sana, ingawa moyoni nilifurahi kidogo kwamba gari jipya limeumbuka.

Alfajiri nikawasha mkweche wangu, nikamwambia kaka anifuate nyuma. Nisiseme uongo, njia ya Matombo si ya gari langu. Lilikwaruzwa tumbo na mawe yote ya Uluguru, huku la kaka likija nyuma taratibu, halina habari. Lakini vioo vyangu vilikuwa chini, na sikupita nyumba bila salamu. Bibi mmoja aliyekuwa anaanika karafuu akaniambia alinisikia tangu bondeni.

Mjomba alikuwa barazani. Kaka akapiga goti mavumbini na suruali yake ya pasi.

"Shikamoo mjomba. Nisamehe, sikukuona."

Mzee akalitazama gari jipya kuanzia tairi hadi paa. "Marahaba," akasema. "Gari lina vioo vyote hivyo, na bado hukuniona?"

Akainuka, akayazunguka magari yote mawili. Akalipapasa la kwangu kwenye boneti, nami nikavimba kichwa, nikakimbilia kumfungulia mlango.

"Hili nalipenda, mwanangu," akasema. "Lakini mara ya mwisho lilinivunja kiuno, mpaka leo nakitafuta. Napanda la kaka yako. Ila vioo vyote chini, mpaka mjini."

Kwa hiyo mimi nikapewa mikungu ya ndizi, nikawafuata nyuma nikila vumbi. Mbele yangu gari la kifahari lilisimama kila baada ya nyumba mbili. Mkono wa mjomba unatoka dirishani, kichwa cha kaka kinatoka upande wa pili, anaamkia wazee asiowajua hata mmoja. Nilicheka peke yangu hadi gari likanizimikia kwenye kilima.

Tulipofika, washenga walikuwa wameshakaa, wanatazamana. Viti vyeupe vya kaka vilikuwa rangi ya udongo, na sauti yake imekauka kwa shikamoo. Mdogo wetu alikuwa amejibanza nyuma ya pazia, nikaenda kusimama naye. Mjomba alipovua viatu na kukanyaga mkeka, mdogo wetu alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma, nami sikuutoa.