Kitambi cha Kiprugut na Kiti cha Kombaini

Kiprugut arap Kosgei alizaliwa katika mwaka wa njaa, na jina lake ndilo lililoitunza habari hiyo, kwa maana Wakipsigis humwita hivyo mtoto aliyekuja duniani wakati chakula kimeadimika. Mama yake hakuusahau mwaka ule mpaka alipofariki. Kila alipomwona mwanawe amekaa bila kutafuna kitu, alidhani njaa imerudi, akakimbilia kibuyu cha maziwa. Basi yule mtoto wa njaa akanenepa, akazidi kunenepa, na kufikia mwaka wa 1957, alipokuwa mtu wa makamo na dereva mkuu wa matrekta katika shamba moja la ngano upande wa Njoro, hapakuwa na mtu aliyemkaribia kwa ukubwa kutoka hapo hadi Nakuru mjini.

Unene huo haukumwaibisha hata kidogo. Siku zile mwenye kitambi alihesabiwa kuwa mtu aliyestawi, na Kiprugut alialikwa katika kila posa na kila upatanisho, kwani ilionekana kwamba shauri lililosikilizwa na mtu mzito lilikuwa limesikilizwa vyema. Yeye mwenyewe aliufanyia mzaha mwili wake. "Mimi ni watu wawili," alizoea kusema. "Bwana hutulipa kama mmoja, lakini tumemsamehe."

Bwana huyo alikuwa Mzungu aliyeitwa na wafanyakazi Bwana Kofia, kwa sababu hapakuwa na aliyewahi kukiona kichwa chake kikiwa wazi. Mwezi wa Julai, ngano ikiwa ingali kijani, Bwana Kofia alinunua kombaini mpya, mashine ya kuvuna iliyojiendesha yenyewe, isiyovutwa na trekta kama ile ya zamani. Iliposimama mbele ya ghala, nyekundu na ndefu kama nyumba, watu wa shamba zima walikuja kuitazama. Kiti cha dereva kilikuwa juu kabisa, mahali ambapo mtu angeweza kuliona shamba lote na vilima vya Mau nyuma yake. Tangu alipoonyeshwa picha ya kiti kile, Kiprugut hakuwa na hamu nyingine. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amevuna kwa kuvuta mashine za watu wengine. Sasa angevuna akiwa ameketi juu yake kama chifu.

Alipanda ngazi polepole, watu wakimshangilia. Akajipenyeza kati ya tangi la nafaka na usukani, akavuta pumzi, akaketi. Ndipo alipoitoa pumzi, na kitambi kikarudi mahali pake. Usukani ukazama ndani ya kitambi kama kijiko katika uji mzito. Alijaribu kuuzungusha kulia, haukuzunguka. Alijaribu kushoto, haukuzunguka. Alijaribu kushuka, na hilo nalo likashindikana.

"Kiprugut, iko nini huko?" aliuliza Bwana Kofia kutoka chini.

"Mashine imenipenda, Bwana. Imekataa kuniachilia."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ilimbidi Nyongesa, fundi wa mashine kutoka Bungoma, apande na spana na kuufungua usukani wenyewe ndipo dereva akatoka. Bwana Kofia hakucheka. Alisema kwamba ngano ikikauka haimsubiri mtu. Kama siku ya kuvuna ingefika na usukani bado haugeuki, Nyongesa ndiye angeiendesha kombaini, naye Kiprugut angebaki na trekta la kuvuta magunia.

"Pole, mzee," Nyongesa alimwambia jioni ile, akipangusa mikono kwa kitambaa chenye oili. "Lakini usikate tamaa. Binamu yangu alipasuliwa tumbo huko Nakuru mwaka jana. Aliingia hospitali akiwa mnene, akatoka mwembamba kama ufito. Kisu cha daktari kinamaliza kazi kwa asubuhi moja."

Binamu huyo alikuwa amekatwa kidole-tumbo kilichooza, na alikonda kwa sababu ya homa, lakini Nyongesa hakulijua hilo. Kiprugut aliyapokea maneno yake kwa moyo wote, akapanda lori la maziwa yeye na mkewe Cherono, wakaenda mjini kwa Daktari Pandya, Mhindi mzee aliyesifika kwa mkono wake wa upasuaji.

"Daktari, nimekuja kukatwa," alisema Kiprugut hata kabla ya kuketi.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote. Nataka mafuta haya yatolewe. Yafunge kwenye karatasi, mke wangu atayachukua nyumbani."

Daktari alivua miwani. "Nani alikuambia kwamba mafuta ya mtu hutolewa kwa kisu?"

"Kwetu tuna kondoo wenye mkia mnene. Tunaukata mkia, tunapata mafuta sufuria nzima."

"Na kondoo huyo, baadaye huendelea kula majani?"

Kiprugut alifikiri. "Hapana, Daktari. Huwa amekwisha kuchinjwa."

"Basi, mzee. Umejijibu."

Hata hivyo daktari hakumfukuza. Alimweleza kwamba mafuta ya mtu hayakai mahali pamoja kama mkia wa kondoo, na kwamba kifua kinachohema namna ile kwa kupanda ngazi tatu za baraza lake huenda kisingestahimili dawa ya usingizi. Kisha, akiwa mtu aliyependa kusema kweli yote, aliongeza kwamba huko Marekani madaktari wachache walikuwa wameanza kuwapasua watu wanene kupita kiasi. Si kuwatoa mafuta, bali kuufupisha mwendo wa chakula katika utumbo, kipite bila kufyonzwa chote.

"Basi nifanyie hivyo!"

"Wanapungua, ndiyo. Lakini nimesoma kwamba wengine wanaharisha bila kukoma na kudhoofika. Ni jaribio changa. Pengine wajukuu zako watapata upasuaji huo ukiwa umekomaa. Wewe nitakupa dawa ya zamani." Akamhesabia kwa vidole: ugali usiozidi ngumi yake, mboga za majani kwa wingi, nyama isiyo na mafuta, chai isiyo na sukari, tena kila jioni atembee kwa miguu mpaka jua lizame.

Kiprugut alikuwa mtu wa kutii. Alikula ugali wa ngumi moja, akifumba macho ili usiishe haraka. Chai chungu aliinywa akikunja uso kama mtu anayenyweshwa kwinini. Na kila jioni, alipoegesha trekta, alichukua fimbo yake na kutembea. Alipita nyumba za wafanyakazi wenzake, akapanda hadi kwa shemeji zake, akazunguka kwa mama mkwe wake Chepkurui, aliyekaa na ng'ombe wake kwenye kona ya mbali ya shamba, kisha akarudi gizani, miguu ikiuma na moyo ukiwa safi.

Baada ya majuma kadhaa alipanda mizani ya magunia ndani ya ghala. Mwanzoni alikuwa na uzito wa gunia la ngano na nusu yake. Nyongesa akasogeza vyuma vya mizani huku na huku, akainama, akatazama tena.

"Mzee," alisema, "umeongezeka."

"Mizani imeharibika!"

"Nimepima magunia hamsini leo, na yote yamekubali. Labda unakula usingizini. Mama, wewe umemchungulia?"

"Akila usingizini ni blanketi," alijibu Cherono, aliyekuwa amesimama mlangoni, "na blanketi liko zima."

Kiprugut hakucheka. Alitoka nje, akaitazama ngano. Ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Tena asubuhi ile alikuwa amemwona Nyongesa akiizungusha kombaini mbele ya ghala huku akipiga mluzi, na mluzi ule ulikuwa umemchoma kuliko tusi. Usiku alimwambia mkewe kwamba atarudi kwa Daktari Pandya, na safari hii atakatwa utumbo kama Wamarekani, apende daktari asipende.

Daktari aliwasikiliza wote wawili. Cherono aliapa kwamba mumewe hakuzidisha ngumi moja ya ugali hata siku moja, na uso wake haukuwa uso wa mwongo. Daktari akakuna kidevu.

"Na kutembea?"

"Kila jioni," alisema Kiprugut. "Hata ikinyesha."

"Unapita wapi?"

"Kwa majirani, kwa shemeji zangu, kwa mama mkwe. Nasalimu, naendelea."

"Huko wanakupa chakula?"

"Hata punje! Nimewaambia wote nimekatazwa chakula. Wananipa maziwa ya salamu tu."

Daktari Pandya aliweka kalamu mezani taratibu. "Maziwa ya salamu ni nini?"

Kiprugut alimwonea huruma mtu msomi asiyejua jambo ambalo kila mtoto analijua. Akamweleza kwamba mgeni wa heshima hapiti mlangoni pa Mkipsigis bila kupewa mursik, maziwa ya kugandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa mkaa ndani, mazito, yenye siagi juu. Hicho si chakula. Chakula hutafunwa. Hiyo ni salamu, na salamu hairudishwi nusu.

"Na jioni moja unasalimiwa katika nyumba ngapi?"

Kiprugut akaanza kuzitaja nyumba. Alipofika ya sita, daktari alikuwa amejifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika, na Cherono naye akashindwa kujizuia.

"Mzee wangu," alisema daktari alipoweza kusema, "nilikutuma utembee ili upungue, na wewe kila ulipotembea ulijazwa. Ungelala tu kitandani ungepungua! Utumbo naweza kuukata. Wakwe zako siwezi kuwakata. Kazi hiyo ni yako."

Kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko kisu. Majirani angeweza kuwaomba radhi, lakini Chepkurui alikuwa mama mkwe, mwanamke mkali, mnyoofu kama mkuki, ambaye Kiprugut hakuwahi kumtazama usoni kwa muda wa miaka yote ya ndoa yake. Kuyakataa maziwa ya mikono yake kulikuwa sawa na kumrudishia binti yake. Ngano ilikuwa ikizidi kuwa ya dhahabu. Jioni iliyofuata alisimama mbali kidogo na mlango wake, macho yakiwa ardhini, na kibuyu kilipoletwa hakunyoosha mkono.

"Mama," alisema, na jasho likimtiririka, "naomba usikasirike. Siwezi kunywa."

"Maziwa yangu yamekosa nini?"

"Hayajakosa. Mimi ndimi niliyezidi. Daktari amesema maziwa haya ndiyo yananinenepesha. Nikiendelea kunywa, kiti cha kombaini nitakikosa. Nisamehe, mama."

Kiprugut alisikia ng'ombe akicheua nyuma ya nyumba. Kisha akasikia jambo ambalo hakulitarajia: pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mkwe wangu," alisema mwanamke yule, "njoo uone."

Alimwongoza hadi zizini. Ndama alisimama pale, mbavu zikihesabika, masikio yamelegea.

"Tangu ulipoanza kutembeatembea jioni, ndama huyu amekonda kuliko ulivyotakiwa ukonde wewe. Nimekuwa nikimnyima ili nisikunyime. Ningefanyaje? Mkwe anapita kila siku, kila siku! Kwa shemeji zako wanalia hivyohivyo. Mke wa mwanangu mkubwa akiona kivuli chako juu ya kilima, huwaambia watoto wanywe haraka kabla hujafika."

"Na hakuna aliyeniambia?"

"Nani angemwambia mtu mzima kama wewe, 'Usije'? Tungeaibika."

Kiprugut alisahau adabu yote. Aliinua uso akamtazama mama mkwe wake kwa mara ya kwanza, naye alikuwa akijiuma midomo. Wakacheka wote wawili, huyu upande huu wa boma na yule upande ule, mpaka ndama akashtuka. Chepkurui akachukua kile kibuyu, akakimimina chote katika beseni la ndama.

Habari zilizunguka shamba kabla ya asubuhi, na zilipokelewa kama mvua. Tangu siku hiyo Kiprugut alipopita, watu walimsalimu kutoka ng'ambo ya ua. "Pita, mzee, pita!" walimwitia. "Ndama amekunywa kwa niaba yako!" Naye alipita, tena kwa mwendo wa haraka, maana hapakuwa na kibuyu cha kumsimamisha. Mkanda wake ukahitaji tundu jipya, kisha jingine. Hakuwa mwembamba, hakuna aliyemtazamia kuwa mwembamba. Lakini mizani ya ghala ilianza kumsikiliza.

Asubuhi ya kuvuna, ukungu ulipoinuka, Bwana Kofia alisugua suke moja kiganjani, akatafuna punje, akatikisa kichwa kukubali. Kiprugut akapanda ngazi. Safari hii hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wamebana pumzi, isipokuwa yeye, aliyeitoa yote kwa makusudi kabla ya kuketi, asije akajidanganya. Nyongesa alipanda nyuma yake, akaupitisha mkono wake kati ya usukani na kitambi. Kiganja kilipita, kikigusa huku na huku.

"Geuza," alisema.

Usukani uligeuka kulia. Ukageuka kushoto. Vifijo vilivyofuata vilisikika hadi barabarani.

"Hukukasirika, fundi?" Kiprugut alimnong'oneza. "Kiti kingekuwa chako."

"Kiti!" Nyongesa alitazama chini, akashika chuma cha ngazi kwa mikono yote miwili. "Mzee, nimekuwa nikipiga mluzi ili watu wasijue naogopa kuwa juu hivi. Endesha, tafadhali, mimi nishuke."

Kombaini iliunguruma na kuingia katika ngano. Kutoka juu Kiprugut aliliona shamba lote, na vilima vya Mau, na kwenye kona ya mbali, kando ya ua, mwanamke mnyoofu kama mkuki. Chepkurui alikiinua kibuyu kwa mkono mmoja ili mkwe wake akione vizuri, kisha akakiinamisha taratibu juu ya beseni, na ndama mnene akaja mbio.

Kiprugut alimpungia mkono, akaugeuza usukani, akaendelea kuvuna.