Mpinzani wa Saa Saba

Dada yetu wa mapokezi ana miaka sita hajala chakula cha mchana kwa raha. Ikifika saa saba, bosi anachungulia mlangoni: "Binti, njoo na akili zako." Wanakaa, ubao wa herufi katikati, wanapanga maneno ya Kiingereza. Sharti la bosi ni moja: usipojua maana, neno lako halihesabiwi.

Na dada anajua! Anajua "ai" ni mnyama mzembe wa vidole vitatu anayeshinda mtini, na "zax" ni kishoka cha fundi paa. Lakini akiulizwa maana anainamisha kichwa: "Sijui, bosi." Barua yake ya kuomba uhamisho, akamuuguze mama yake, imo kwenye droo ya bosi mwaka wa tatu huu. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Jana uvumilivu ulimwishia. "Leo namshinda," akaniambia mimi mpika chai. "Akikasirika si atanifukuza? Heri!"

Saa saba ilipofika, akapanga "gyve".

"Maana yake?"

"Pingu ya mguuni, bosi."

Bosi akafungua kamusi, akatafuta, akalikuta. Mimi na birika langu tukaganda mlangoni. Mara akaangua kicheko mpaka miwani ikamshuka, akaitoa ile barua kwenye droo, akaichana vipande viwili.

"Kumbe ulikuwa unanihurumia! Mpinzani kama wewe nimwachie nani?"

Akazichanganya herufi upya, akamsogezea ubao.

"Haya, anza wewe."