Benchi la Mzee wa Baa

Fundi wa makochi katika karakana yetu ya mtaa wa Hockley huongea huku amebana misumari midogo midomoni, na bado kila neno linasikika. Kiti chochote kikiingia, hukinusa kwanza, kisha hufungua dirisha. Mwaka ule wa 2007, mto ulipofurika mpaka ndani ya baa ya mji mmoja mdogo, mwenye baa alituletea benchi lililojaa matope. "Kuna mzee hukaa upande huu tangu mkewe afariki," alisema. "Kila siku huniuliza litarudi lini." Fundi akaliwekea sponji mpya na ngozi mpya, likapendeza, lakini hakuniruhusu nimpigie mwenye baa simu aje kulichukua. Badala yake, yeye asiyeonja hata bia, kila mchana akawa anakunywa chai yake upande ule ule wa mzee, amelikalia kwa uzito wake wote.

"Fundi, si limekwisha?" nikamuuliza.

Akaitoa misumari mdomoni ili anijibu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Hapa palikuwa pamebonyea. Mzee akikaa akakuta pako juu, atajua si pake."

Siku benchi lilipochukuliwa, karakana ilikuwa imejaa viti, na fundi chai yake aliinywa amesimama.